UZI: Hadithi za watoto kuhusu siri. Kitabu kisiishie pale mtoto anaposema

Kalamu_Ndogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika hadithi za watoto wa miaka 6 hadi 10, wanaozichora, na wanaowasomea darasani au nyumbani. Mada ni siri: ipi mtoto aitunze, ipi aiseme, na aiseme vipi.

Naanza na kasoro iliyomo karibu katika kila muswada wa aina hii. Hofu inajengwa kurasa ishirini na kitu, ukurasa wa 30 mtoto anapata ujasiri, anasema, mama anamkumbatia, kwisha. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Ukiondoa ukurasa wa jina na wa haki ya kunakili, hadithi yenyewe inabaki na kurasa 28 hivi. Hapo msomaji mdogo amekaa na mtoto aliyenyamaza karibu kitabu kizima, kisha akapewa kurasa mbili za nafuu. Atakachobaki nacho ni ule ukimya. Na swali linalomkaba kooni, "nikishasema kinafuata nini?", halikuguswa.

Pendekezo: mtoto aseme kufikia ukurasa wa 14 au 16. Nusu ya pili iwe ya yanayofuata. Nani alimsikiliza na alikaa wapi alipomsikiliza, alimuuliza nini, nani mwingine aliambiwa na kwa nini, usiku ule mtoto alilala wapi, kesho yake alikwenda shule au hakwenda. Mambo madogo madogo haya ndiyo yanayomwonyesha mtoto kwamba baada ya kusema maisha yanaendelea.

La pili ni vipimo vya siri. Maneno "siri nzuri" na "siri mbaya" yanawachanganya watoto wa umri huu, kwa sababu anayetaka kumdhuru mtoto huanza na vitu vizuri: pipi, sifa, kuchezea simu, kuruhusiwa kuchelewa kulala. Kwa mtoto hiyo ni siri nzuri kabisa. Mpe maswali ambayo hayamlazimishi kupima wema wa mtu:

Itaisha lini?
Nani mwingine anaijua?
Niliambiwa nini kitatokea nikiitoa?

Sapraizi ya siku ya kuzaliwa inaisha Jumamosi, nyumba nzima inaijua isipokuwa mwenye siku yake, na ikivuja kinachoharibika ni sherehe tu. Siri isiyo na siku ya mwisho, inayojulikana na watu wawili tu, iliyofungwa kwa kitisho au kwa zawadi, hiyo ni ya kusema. Mtoto wa miaka 7 anayaweza maswali haya ukimpa mifano mitano au sita ya kuchambua mwenyewe.

---

Mwl_Kibao

Mleta uzi nakuunga mkono, ila umri uuangalie zaidi. Miaka 6 na 10 si kundi moja.

Watoto wa miaka 3 na 4 huropoka, siri kwao haikai. Kuanzia 5 na 6 wanaanza kuishika kweli, hasa wakiambiwa na mtu wanayempenda. Kwa hiyo kabla ya darasa la kwanza kazi yako ni majina ya mwili na sentensi moja tu: "Mtu akikuambia usimwambie mama, mwambie mama." Maswali matatu yaanze miaka 6 au 7. Kuanzia 9 ongeza tofauti ya siri na faragha, maana wanaanza kutaka kuoga peke yao na kuandika shajara, na ukiwaambia "kwetu hakuna siri" wanasikia kwamba hata hilo ni kosa. Faragha ni yangu mwenyewe, hakuna aliyeniamuru niifiche, na naweza kuisema nikitaka. Siri ya kusema ni ile ambayo mtu mwingine ameniwekea mdomoni kufuli.

---

Mama_Wasomaji

Hapo kwenye "kwetu hakuna siri" naomba nipinge kidogo. Kwa wa miaka 4 hadi 6 kanuni hiyo ni rahisi kuliko maswali yoyote, na inamnyima mtu mbaya jaribio lake la kwanza. Mtoto anajibu tu, "Nyumbani kwetu hatuna siri," na mtu akijua siri haishikiki anaachana naye. Sapraizi zinabaki, kwa sababu zina siku.

---

Ustawi_na_Watoto

Wote mna hoja, na sababu ni ile aliyoigusa Mama_Wasomaji: jaribio la kwanza. Nieleze linavyofanyika, kwa sababu mwandishi asipolijua ataandika adui wa kubuni.

Wengi wanaodhuru watoto ni watu ambao mtoto anawafahamu. Mtu huyo haanzi na kitisho. Anamlainisha mtoto kwa hatua. Anamchagua anayependa kusikilizwa na hana wa kumsikiliza. Anajenga imani, na mara nyingi kwa wazazi kwanza: anasaidia kazi, anajitolea kumrudisha mtoto nyumbani. Kisha anaweka siri ndogo isiyo na madhara, "usimwambie mama nimekununulia hii." Anasubiri. Siri ikirudi kwake kupitia mzazi, ana jibu jepesi, alikuwa anatania. Isiporudi, amejua kwamba mtoto huyu anashika siri. Baada ya hapo ndipo kugusa "kwa bahati mbaya", na mwisho ndipo kitisho: hakuna atakayekuamini, mama ataumwa, baba atafungwa, na wewe mwenyewe ulipokea zawadi.

Angalieni hicho cha mwisho. Mtoto anajiona mshirika. Hadithi inayosema tu "mtoto jasiri alisema" inamwacha aliyepokea zawadi akijiona hana haki ya kusema. Lazima pawe na mtu ndani ya kitabu anayetamka: "Hata kama ulipokea zawadi, hata kama ulikubali mara ya kwanza, hata kama umekaa nayo muda mrefu, si kosa lako, na bado unaweza kusema leo."

Na tafadhali, mtu wa kwanza anayeambiwa ndani ya hadithi asisikilize vizuri. Awe na haraka, au aseme "hebu acha hadithi zako." Kisha mtoto aende kwa wa pili. Hali hiyo hutokea sana, na mtoto aliyeiona kitabuni anajua kwamba kukosewa na mtu mmoja si mwisho wa njia. Zoezi la vidole vitano linaingia hapo: kila kidole mtu mzima mmoja wa kumwambia, na angalau wawili wasiwe wa nyumba moja na mtoto. Wote wakiwa wa nyumba moja, siri ikiwa ya humo humo vidole vyote vitano vimefungwa.

---

Nukta_na_Mkato

Naingia kwa upande wa lugha, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego hapa.

Watoto wana neno "kusemea". "Nitakusemea kwa mwalimu!" Aliyesemea anazomewa, anaitwa mmbea, anatengwa kwenye mchezo. Ukiandika kitabu cha "kusema" bila kuligusa neno hili, watoto wote darasani watasoma "kusemea" na hakuna atakayekubali kuwa huyo mtu. Liweke wazi, tena kinywani mwa mtoto mwenzake. Tofauti ni hii: nasemea ili wewe upate adhabu, nasema ili mtu asiumie. Mifano iwe ya kawaida. Juma amechora dawati, ukikimbia kumwambia mwalimu, hilo ni kusemea. Juma anasukumwa kila siku chooni na amekukataza usimwambie mtu, ukimwambia mwalimu, hilo ni kusema.

Pili, majina ya mwili. Mtoto akisema "alinishika nanihii", msikilizaji anaweza kuelewa mkono, begi, au asielewe kitu. Maneno kamili yapo, uume, uke, matako, matiti, na yanafundishika kwa sauti ileile unayofundishia kiwiko na goti. Mwandishi akikwepa kwa "sehemu zile", mtoto anajifunza kwamba hata kitabu kinaona haya, na aibu hiyo ndiyo inayomsaidia mdhuru.

Tatu, punguzeni neno "jasiri". Mtoto ambaye bado hajasema anasoma kwamba yeye ni mwoga. Andikeni kilichofanyika: miguu ilitetemeka, akasema nusu, akanyamaza, akamalizia kesho yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli, lakini methali hiyo ni ya kumwambia mtu mzima. Ukiiweka kwenye kitabu cha mtoto wa miaka 7 inageuka lawama.

---

Mchora_Mistari

Kwa wachoraji wenzangu. Msimchore mdhuru kama mtu wa kutisha, koti refu, macho mekundu. Mtoto atamtafuta huyo na hatamwona, kwa sababu anayemjua yeye anatabasamu. Mchoreni kama watu wengine wote kitabuni, rangi zilezile.

Tendo lenyewe halichorwi. Chora nafasi. Ukurasa wa kwanza mtoto yuko katikati ya watu. Siri ikiingia msogeze pembeni, mpunguze ukubwa, acha weupe mwingi kati yake na wenzake. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anauona upweke huo bila neno. Akishasema, umbali unapungua kidogo kidogo, usiufute mara moja.

Na picha ya kusikilizwa: macho ya mtu mzima yawe usawa wa macho ya mtoto. Ameketi au amechuchumaa, mikono iko wazi, ameweka chini alichokuwa ameshika. Asichorwe akilia wala akikunja ngumi. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa wataumiza au watakasirisha waliowapenda, na picha ya mama anayeanguka kwa kilio inathibitisha hofu hiyo.

---

Baba_Maktaba

Swali moja tu. Wazazi wengi wanasema mada hizi zinawatia watoto hofu na kuwafungua macho mapema. Tunawajibu nini?

---

Ustawi_na_Watoto

Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 24 zenye washiriki 5,802 kuhusu mafunzo ya shuleni ya kuzuia ukatili wa kingono kwa watoto. Watoto waliofundishwa waliongeza ujuzi na stadi za kujilinda, na haikuonekana kwamba mafunzo yaliwaongezea wasiwasi au hofu. Katika tafiti chache zilizopima jambo hilo, waliofundishwa walisema yaliyowapata zaidi ya wasiofundishwa: makadirio yalikuwa takriban 14 kwa kila 1,000 dhidi ya 4 kwa kila 1,000.

Hiyo namba ya mwisho imsumbue kila anayesoma hadithi hizi kwa sauti. Ukisoma vizuri, kuna mtoto atasema. Je, umejiandaa?

---

Mwl_Kibao

Basi niandike namna ya kusoma, hatua kwa hatua.

Siku: mwanzo wa juma, asubuhi. Kamwe si kipindi cha mwisho cha Ijumaa, wala wiki ya kufunga shule. Mtoto anayetaka kusema huhitaji saa au siku kadhaa za kukuzungukazunguka, na ukifunga mlango hapo unampeleka nyumbani siku mbili au mwezi mzima na kitu ulichokiamsha wewe.

Kabla: mwalimu wa malezi au mtu mwingine mmoja aliyepewa kazi hiyo ajue kwamba leo mnasoma, na awe na nafasi baada ya kipindi.

Kikundi cha watoto 10 hadi 15, dakika 35 hivi. Soma mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama. Mara ya pili simama mahali patatu tu: siri inapowekwa, mtoto anapojaribu kusema, na msikilizaji anapojibu. Ukisimama kila ukurasa hadithi inageuka mtihani na watoto wanaanza kutafuta jibu la kukufurahisha. Uliza kuhusu mhusika, usiulize kuhusu wao. "Unadhani tumbo lake lilikuwaje hapo?" ni sawa. "Nani hapa amewahi kuambiwa siri kama hii?" ni kosa kubwa, maana unamwomba mtoto ajianike mbele ya wenzake.

Kisha zoezi la sentensi ya kwanza. Hii ndiyo sehemu isiyorukwa. Watoto hawakwami kwenye kisa, wanakwama kwenye kuanza. Wape sentensi tatu, wazitamke kwa sauti wawili wawili, kila mmoja mara tatu: "Nina jambo gumu la kukuambia." "Naomba unisikilize mpaka nimalize." "Sijui nianzie wapi." Mdomo uliokwishaizoea sentensi huitamka hata mtoto akiwa na hofu.

Mtoto akianza kusimulia yake mbele ya wote, mkatize kwa upole: "Asante kwa kutaka kuniambia. Hilo ni muhimu, nataka nikusikilize vizuri. Tukimaliza hapa tutakaa mimi na wewe." Halafu ukae naye kweli, siku hiyohiyo, kabla hajaondoka.

Sanduku la maoni: kila mtoto aandike kitu na akitumbukize, hata kama ni "sina swali", karatasi za ukubwa mmoja, penseli zinazofanana. Wakiandika wenye shida tu, darasa zima litajua nani. Sanduku lifungwe kwa kufuli, lifunguliwe na watu wazima wawili, siku hiyohiyo. Barua ikikaa wiki humo ndani, aliyeiandika ameshapata jibu lake. Malizia kwa wimbo au mchezo wa dakika 5, mtoto asitoke mlangoni na ukurasa mzito.

---

Ustawi_na_Watoto

Na mtoto akishasema, msikilizaji afanye nini. Hili lifundishwe kwa wazazi na walimu kabla kitabu hakijafunguliwa.

Usiahidi kutunza siri. Mtoto atauliza, "Nikikuambia hutamwambia mtu?" Jibu la kweli: "Siwezi kuahidi hivyo, kwa sababu kama kuna mtu anakuumiza nitahitaji msaada wa kukulinda. Nitawaambia wanaoweza kusaidia tu, na nitakuambia wewe kwanza ni nani." Wengine wanaogopa mtoto atanyamaza. Anaweza kunyamaza siku hiyo. Ukiahidi kisha ukavunja, amejifunza kwamba watu wazima wote wana siri zao.

Acha aseme kwa maneno yake. "Niambie zaidi." "Kisha ikawaje?" Usimtajie mtu wala tendo. Ukiuliza, "Ni fulani alikugusa hapa?" umeweka jibu mdomoni mwake, na baadaye hakuna atakayejua lipi lake na lipi lako. Ukishapata ya kutosha kujua kwamba kuna hatari, simama. Uchunguzi si kazi yako. Usimwite arudie mbele ya mkuu, kisha mbele ya shangazi, kisha mbele ya jirani.

"Kwa nini hukusema mapema?" futeni swali hilo kabisa. Mtoto analisikia kama hukumu.

Andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na makosa yake, na tarehe na saa, siku ileile. Usiyasafishe. Usimfuate mtuhumiwa kumhoji, maana unampa muda wa kumtisha mtoto na kuficha ushahidi. Peleka ustawi wa jamii au polisi. Kama kuna ukatili wa kingono wa karibuni, mtoto afike hospitali haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe.

Jambo moja zaidi linalowaangusha wengi: mtoto anaweza kukana kesho yake. Mwaka 1983 daktari wa akili wa Marekani, Roland Summit, alieleza mtiririko huo: siri, kuhisi hana uwezo, kunaswa na kuzoea, kusema kwa kuchelewa na kwa kusitasita, kisha kukana. Mtoto akiona nyumba imetikisika baada ya neno lake, anataka kulirudisha. Kukana peke yake si ushahidi kwamba alidanganya, na ulinzi usiondolewe kwa sababu hiyo.

---

Mama_Wasomaji

Naongezea ya wakubwa kidogo, miaka 10 hadi 13, kwa sababu siri zao nyingi ni za marafiki. Rafiki anasema anajikata, au hataki kuishi, halafu "niapie hutamwambia mtu." Hapo mpe msomaji sentensi isiyovunja urafiki: "Nakupenda, ndiyo maana siwezi kuibeba hii peke yangu. Twende wote kwa mtu mzima, au nitakwenda mimi." Kwenye simu, ujumbe wa vitisho usifutwe, uonyeshwe kwa mtu mzima pamoja na tarehe. Lakini picha ya utupu ya mtoto isitumwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuthibitisha, maana katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa la jinai. Simu yenyewe ipelekwe ilivyo.

---

Kalamu_Ndogo

Nashukuru wakuu. Nimekaa na haya, nikaandika upya ukurasa wa 16 na 17 wa mfano. Mhusika ni Neema, miaka 8. Siri aliwekewa na jirani anayemfundisha hesabu. Mama alikwisha kumwambia "tutaongea baadaye."

*Neema alisimama mlangoni mwa jiko. "Shangazi, nina jambo gumu la kukuambia." Shangazi aliweka kisu chini, akazima moto, akavuta kigoda. Sasa macho yao yalikuwa sawa. "Nakusikiliza." Neema akasema kidogo. Akanyamaza. Akatazama vidole vyake. Shangazi hakumharakisha. Neema akasema tena kidogo. "Asante kwa kuniambia," Shangazi alisema. "Nakuamini. Si kosa lako. Mambo yote yatakuwa sawa."*

---

Ustawi_na_Watoto

Nzuri. Kisu kuwekwa chini ni sawasawa. Sentensi ya mwisho tu itoe. Shangazi hajui kama yote yatakuwa sawa, na Neema atamkumbuka kwa hilo siku mambo yakienda kombo. Aseme anachokijua.

---

Kalamu_Ndogo

Nimeelewa. Inakuwa hivi, kisha tunafungua ukurasa wa 18:

*"Nakuamini. Si kosa lako. Leo hutakwenda kwenye hesabu. Jioni nitazungumza na mama yako, na kesho asubuhi tutakwenda mimi, wewe na mama kwa mtu ambaye kazi yake ni kulinda watoto. Nitakaa upande wako wa kulia. Una swali?"*

*"Nitarudi shule?"*

*"Utarudi."*